Notisi Iliyosomwa Ofisi ya Maji

Watu wenye ugomvi na wenye nyumba wao walikuwa wakimfuata Karani. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na ofisi za manispaa: meza moja, kompyuta yenye herufi zilizofutika kwa kuguswa, printa iliyokuwa na tabia ya kumeza karatasi mbili mbili, na mashine ya fotokopi aliyoifunika shuka kuukuu isiingie vumbi. Kuchapa walichapa wengi pale mtaani. Yeye alikuwa akitunga. Mteja alikaa kwenye stuli, akamwaga moyo wake: choo kimeziba, umeme umekatwa, mwenye nyumba anaingia chumbani bila hodi. Karani alitikisa kichwa, akagonga herufi zake, kisha akatoa ukurasa mmoja uliojaa "kwa barua hii" na "tafadhali zingatia", mpaka mwenye barua mwenyewe akaogopa kuishika.

"Karani, hii si barua," mteja mmoja alimwambia. "Hili ni kofi."

Aliipenda kauli hiyo, akawa anairudia kwa kila aliyekuja kusalimia.

Mwenyewe alikuwa mpangaji. Miaka tisa alikuwa amekaa chumba cha uani katika nyumba ya mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkubwa. Alifika pale akiwa mgane wa miezi michache, na sanduku, na godoro; binti yake alikuwa amemwacha alelewe na mama yake mdogo kwa sababu hakujua hata kumsuka nywele. Mama Mkubwa hakumuuliza maswali. Alimwonyesha chumba, akamwonyesha bomba, akamwambia kama ana nguo za kufua aziweke kwenye beseni la kijani, lile la bluu lina mwenyewe.

Mkataba wao ulikuwa wa karatasi moja, wa mwaka wa kwanza. Ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kuandika mwingine, wakaendelea mwezi kwa mwezi. Sharti moja tu Mama Mkubwa hakulilegeza: anayetaka kuhama atoe notisi ya mwezi mzima, kwa maandishi. Aliwahi kuwa na mpangaji aliyeondoka kimyakimya, akaacha chumba cheupe, na balbu ameing'oa.

"Angalau angeniachia giza langu kwa heshima," Mama Mkubwa alipenda kusema, na wapangaji wakacheka kila mara kama ndiyo kwanza wanaisikia.

Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani, mwanamke wa ulimi mwepesi. Lakini aliyekuwa mkono wa kulia wa Mama Mkubwa alikuwa Karani. Macho ya yule mama yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Nyuso alizitambua kwa sauti, na maandishi yalikwisha kumtoka kabisa. Karani ndiye aliyemsomea maboksi ya dawa, namba za mita, na ujumbe mfupi wa mwanawe aliyeishi mbali na kupiga simu kwa nadra. "Wapangaji wengine mimi nabadilisha kama shuka," alimwambia siku moja. "Wewe hapana. Wewe hutoki humu mpaka mnitoe mimi kwanza." Alisema kwa mzaha. Karani alicheka, na baadaye, kila alipokumbuka, alitamani asingecheka.

Maana binti yake alikuwa amekua. Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, akapangiwa hospitali ya mji uleule anaoishi baba yake, na akampigia simu akisema, "Baba, nimechoka kukuona sikukuu kwa sikukuu. Tukae pamoja." Baba na binti mtu mzima hawakai chumba kimoja. Karani akatafuta, akapata vyumba viwili na jiko karibu na hospitali, na mwenye nyumba mpya akakubali kumshikia hadi mwezi ujao uishe.

Ilibaki kumwambia Mama Mkubwa. Mara ya kwanza alimkuta akimenya vitunguu uani, machozi yanamtiririka, akaona si wakati wake. Mara ya pili alianza vizuri, "Mama, kuna neno," naye Mama Mkubwa akamkatiza kwa furaha kwamba hata yeye ana neno: daktari amesema jicho moja linaweza kupasuliwa, na amemwambia daktari asihofu kuhusu nani atamwangalia baadaye, nyumbani kuna mtu. Karani alisema, "Hongera, mama," akaenda kulala na neno lake.

Mwezi ukawa unaisha. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anakunja uso hata akiwa peke yake. Aliamua kumwandikia. Nyumba moja, bomba moja, ua mmoja, na mtu anamwandikia mwenzake barua kama wako miji miwili. Alijiambia kwamba sharti ni maandishi. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumtwika mdomo wake: alipanga akilini kwamba ataipenyeza bahasha chini ya mlango asubuhi, fundi cherehani atamsomea mama mchana, na yeye akirudi jioni atakuta mambo yameshapoa.

Na hata hiyo barua hakuikalia. Palikuwa na foleni ya fotokopi na watu wanamhimiza. Alifungua barua ya mteja wa mwisho, mwanamke aliyekuwa amegombana vibaya na mwenye nyumba wake, akabadili jina, akabadili tarehe, akabadili namba ya chumba, akaichapa na kuitia kwenye bahasha bila kuisoma.

Jioni aliporudi alimkuta Mama Mkubwa amekaa kwenye kiti chake uani, bahasha iko mapajani, haijafunguliwa.

"Fundi alitaka kunisomea nikamkatalia," akasema. "Nimemwambia barua zangu zina msomaji wake. Haya, mwanangu, tuone serikali inataka nini."

Karani aliifungua. Mistari ya kwanza ilikuwa yake: tarehe, chumba cha uani, mwezi mmoja. Halafu jicho likaangukia aya ya pili. "Nimelazimika kuchukua hatua hii kutokana na kero zako za mara kwa mara, lugha yako chafu, na kutojali kwako afya za wapangaji." Maneno ya yule mteja. Alikuwa ameyasahau palepale yalipo, yamesimama yakimtazama, na chini yake jina lake na saini yake.

"Mbona kimya? Ni mbaya?"

"Si mbaya, mama." Ulimi wake ulikuwa umejikunja kama karatasi kwenye ile printa. "Ni... ofisi ya maji. Wanasema watakata maji. Wanatengeneza mabomba."

"Lini?"

"Jumanne. Siku tatu."

"Heri wamesema mapema," Mama Mkubwa akasema, akanyoosha mkono, akaichukua barua kutoka vidoleni mwake kabla hajajua afanye nini, akaenda kuiweka kwenye mkebe wa makaratasi yake chini ya kitanda.

Ungedhani mtu angerekebisha kesho yake asubuhi. Karani alikesha akitunga namna ya kusema, yeye aliyewatungia mamia, na kulipokucha alipita mbele ya mlango wa Mama Mkubwa akinyata kama mdeni. Akajipa moyo kwamba ataiba ile barua aweke nyingine. Hakupata nafasi, wala hakuitafuta sana.

Jumatatu nyumba nzima iligeuka kisima. Mama Mkubwa alijaza madumu, sufuria, beseni la kijani na la bluu, hata ndoo ya kupigia deki ilisuguliwa ikajazwa. Fundi cherehani alibeba mpaka akashika kiuno. Kisha Mama Mkubwa, kwa kuwa hakupenda kujua jambo jema peke yake, akatuma habari kwa majirani, na majirani kwa majirani, na jioni mtaa mzima ulikuwa unagombea bomba.

Jumanne maji yalitoka. Jumatano yakatoka kwa nguvu kuliko kawaida.

"Haya maji yamekataa kukatika," fundi alisema, akiruka dumu kwenye korido. "Labda hawakuyapa nakala."

Alhamisi majirani walianza kumtania Mama Mkubwa mlangoni. Alikuwa mtu wa kupenda neno lake liaminiwe, na mzaha ule ulimchoma. "Nitakwenda na barua yao niwaulize," akatangaza. Karani alisimama na kikombe cha chai mkononi. "Mama, achana nao. Ofisi ndivyo zilivyo." Alidhani amelimaliza.

Saa nne asubuhi hiyohiyo alikuwa kibandani akimchapia mzee mmoja maombi ya kibali cha ujenzi, alipoinua macho akawaona ng'ambo ya barabara. Mama Mkubwa amevaa viatu vyake vya hospitalini, ameshika mkono wa fundi cherehani, na mkono wa pili umeshika bahasha. Wanapanda ngazi za jengo la manispaa, ngazi moja moja, fundi anamhesabia. Ofisi ya maji ilikuwa chini kulia, dirisha la kwanza.

Palikuwa na nafasi. Barabara haikuwa na magari mengi, na Mama Mkubwa alikwenda polepole. Mtu mwenye miguu miwili angevuka, angesema, "Mama, ngoja, nina la kukuambia," naye angeaibika mbele ya watu wawili tu. Karani alitazama mpaka walipoingia mlangoni. Kisha akageukia kompyuta akamuuliza mzee, "Umesema ukuta una urefu gani?"

Mzee akamjibu. Karani akaandika. Akakosea, akafuta, akaandika tena.

Hawakukaa sana. Walipotoka, Mama Mkubwa alibaki chini ya ngazi, ameegemea ukuta, na fundi akavuka barabara peke yake. Hakuwa na mzaha usoni. Aliiweka barua juu ya meza, juu ya maombi ya mzee wa watu.

"Umeandika wewe?"

"Fundi, nisikilize..."

"Mhudumu wa dirishani ameisoma yote, kwa sauti, maana mama alimwomba asome kwa nguvu. Foleni nzima imesikia. Alipofika kwenye 'lugha chafu' mtu huko nyuma akacheka."

Karani akaifunika barua kwa kiganja. "Mama amesema nini?"

"Ameomba radhi kwa kuwapotezea muda," fundi akasema. "Basi. Amewaambia, 'Samahanini wanangu, nimekosea mlango.'"

Mzee wa kibali alijifanya anasoma tangazo ukutani. Karani aliinuka, akatazama ng'ambo. Mama Mkubwa hakuwa ametazama upande wa kibanda, na hata angetazama asingeona kitu. Lakini Karani alihisi kana kwamba anaonekana mpaka mifupa.

Alifunga kibanda. Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu, na alipofika alimkuta Mama Mkubwa uani, kwenye kiti kilekile, katikati ya madumu. Fundi alikuwa mlangoni pake, cherehani imenyamaza.

"Lini nilikutukana?" Mama Mkubwa akauliza.

"Hujawahi, mama."

"Hata kwa utani?"

"Hata kwa utani."

"Basi nani alitukanwa?"

Karani akaeleza. Alieleza kuhusu yule mteja, na foleni, na haraka, na kila alivyozidi kueleza ndivyo maneno yalivyozidi kunuka mdomoni mwake. Alipomaliza, Mama Mkubwa alizungusha kifuniko cha dumu.

"Kwa hiyo hata matusi yangu uliyaazima," akasema. "Watu baki unawakalia unawatungia. Mimi wa miaka tisa umenipa mtumba."

Karani alisogeza dumu lililokuwa mguuni pake.

"Na unahama kwa nini?"

"Binti yangu amepata kazi, mama. Hospitali. Anataka tukae pamoja, na chumba ni kimoja."

Hapo ndipo uso wa yule mama ulibadilika, na kwa Karani ilikuwa vibaya kuliko kama angemfokea. Ulifunguka, ukataka kufurahi, kisha ukakumbuka.

"Mtoto amemaliza uuguzi?"

"Amemaliza."

"Na hilo ndilo ulilonificha. Hilo lilikuwa la kuja nalo mbio, ukiliita kutoka mlangoni." Alijifuta pua kwa kiganja. "Ulidhani nitakufunga kamba?"

"Niliogopa, mama."

"Mimi?"

"Kukuacha. Na jicho lako. Nilishindwa kukuambia uso kwa uso."

"Usoni kwangu kuna nini hata usipaweze? Mimi ndiye nisiyeona."

Fundi alirudi ndani. Hata yeye hakuweza kusikiliza zaidi.

Mama Mkubwa alinyoosha mgongo, na sauti yake ikawa ya mwenye nyumba. Akasema sharti lao ni mwezi mzima tangu siku ya kupewa notisi. Yeye hajapewa notisi. Alipewa habari za maji. Kwa hiyo mwezi unaanza leo, na Karani aandike upya, kwa kalamu, si kwa mashine. Karani aliingia chumbani, akakaa kitandani na daftari juu ya goti. Mwandiko wake ulikuwa umeharibika kwa miaka ya kugonga herufi. Mistari ilipanda na kushuka. Aliandika kwamba anahama, kwamba sababu ni binti yake, kwamba katika nyumba hii hakuona baya lolote. Alitaka kuongeza, akaona kila anachotaka kuongeza ni cha kujipaka mafuta. Akasaini.

Aliisoma uani, amesimama. Mama Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Vizuri," akasema. Kisha akaita, "Fundi! Njoo na wewe unisomee."

Fundi akaja, akaipokea karatasi bila kumtazama Karani, akaisoma kutoka tarehe mpaka saini. Ilikuwa ileile, neno kwa neno. Mama Mkubwa alipohakikisha hivyo alisema asante, kwa wote wawili. Karani alisimama pale mikono imemning'inia. Katika maisha yake hakuna kofi lililowahi kumwingia kama lile, na lilipigwa kwa adabu.

Ilibidi ampigie mwenye nyumba mpya kumwomba amsogezee tarehe, kisha ampigie binti yake. Alianza kutafuta kisingizio, akakiacha, akasimulia yote.

"Baba, kwa nini hukusema tu?"

"Sijui, mwanangu."

"Pole," binti akasema, na hakuonyesha pole ile ni ya nani.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Hakuna aliyemfokea. Mama Mkubwa aliitikia salamu zake, akamuuliza kama amelala salama, lakini hakumwita tena mwanangu, na maboksi ya dawa yalisomwa na fundi, mlango ukiwa wazi, Karani akisikia jina la dawa likitamkwa vibaya na asithubutu kulisahihisha. Dukani muuzaji alimuuliza kila asubuhi, "Karani, leo maji yapo?" na wateja wakacheka. Yeye naye alicheka, shingo inamuunguza.

Siku moja, kabla ya mchana, alifunga kibanda akavuka barabara ambayo hakuivuka siku ile. Alipanga foleni dirisha la kwanza. Zamu yake ilipofika alisema, kwa sauti ya kusikika nyuma, kwamba wiki chache zilizopita mama mmoja asiyeona vizuri alisomewa barua hapa, na yale maneno yalikuwa uongo, na aliyeyaandika ni yeye.

Mhudumu alimkodolea macho. "Una bili?"

"Sina."

"Basi mpishe mwenye bili."

Alipisha. Waliokuwa kwenye foleni hawakuwa wale wa siku ile, na wengi hawakuelewa anazungumza nini. Nyumbani hakumwambia mtu. Aliona akisema itaonekana anadai risiti.

Siku ya kuhama binti yake alikuja na mkokoteni wa kukodi. Mama Mkubwa alikagua chumba kama mwenye nyumba yeyote, ila alikagua kwa viganja: alipapasa kuta, komeo za dirisha, swichi, kingo za mlango. "Hakuna kilichovunjika," akasema, akaweka alama yake kwenye karatasi ya makabidhiano. Kisha akamshika binti usoni kwa mikono yote miwili, akamuuliza wodi gani amepangiwa, zamu zikoje, kama wanapewa chai. Walizungumza pale koridoni mpaka mwenye mkokoteni akapiga mluzi. "Njoo unione," akamwambia. "Na huyu akitaka, mlete."

Karani alisema, "Nitakuja, mama."

"Haya," Mama Mkubwa akajibu. Ilikuwa haya ya kawaida, anayoambiwa mtu yeyote.

Mwenye nyumba mpya alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliwazungusha vyumba viwili, akawaonyesha jiko, akapiga magoti kuwaonyesha koki kubwa chini ya sinki. Akiwa palepale chini, kwa mazungumzo tu, akauliza, "Na ulikotoka je? Mliachana vizuri na mwenye nyumba?"

Binti alikuwa akifungua dirisha. Alisimamisha mkono.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ni neno dogo, na hakuna ambaye angekwenda kuuliza.

"Hapana," Karani akasema. "Niliondoka vibaya. Kosa lilikuwa langu."

Yule mzee alimtazama kutoka chini, muda wa kutosha kumfanya Karani aangalie sakafu. Kisha akaizungusha koki kushoto, akaizungusha kulia. "Hii ukiifunga," akasema, "funga mpaka mwisho, maana ina ukaidi kidogo." Karani akapiga magoti kando yake, ajifunze.